Rangi ya Siku Arobaini

Mzee Nkwabi Maganga alikuwa na upungufu mwingi, na wote aliujua kwa majina. Hakuwa na magoti mapya, ingawa wenzake wa miaka themanini na mitatu walikwisha kubadilishiwa na sasa walipanda ngazi kama mbuzi. Hakuwa na mke tangu Nyanzala atangulie. Hakuwa na cheti cha chuo chochote cha mchana, maana kila alichokijua alikisoma jioni, akitoka kwenye kazi ya ishara za reli na kwenda kubanana na watu wazima wenzake kwenye madawati ya watoto. Hakuwa na subira na mtu anayesema jambo nusu. Hakuwa na picha ya baba yake, hata moja. Na hakuwa na sauti ya baba yake.

Mengine aliyakosa bila kinyongo. Hili la mwisho lilimuuma kama mwiba uliovunjikia unyayoni: hauonekani, lakini kila ukipiga hatua unajua upo. Kwa sababu baba yake alikuwa sauti. Alikuwa Maganga Shija, ambaye mji mzima wa Tabora ulimwita Maganga Mfasiri. Kila Jumamosi alasiri, Sinema Zumaridi ilipoonyesha picha ya Kihindi, Maganga alisimama juu ya kreti la soda ubavuni mwa kitambaa cha picha, akashika mdomoni bomba lake la bati la kupazia sauti, akawaambia watu kwa Kiswahili kila walichosema waigizaji. Watu hawakuuliza ni sinema gani inaonyeshwa. Waliuliza, "Maganga yupo?"

Ndiyo maana barua ya makumbusho ilipomfikia, Nkwabi aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Barua ilisema: Tumeipata sauti ya baba yako. Njoo uisikie kabla ya ufunguzi.

*

Alikwenda Ijumaa saa sita mchana, amevaa koti la kahawia lililopigwa pasi mpaka linang'aa viwikoni. Jengo lilikuwa lilelile la Zumaridi. Kwa miaka arobaini lilikuwa ghala la tumbaku, na hata sasa, baada ya kusafishwa na kupewa bango la Makumbusho ya Sinema, kuta zake zilinukia tumbaku jua linapochoma.

Mlangoni alipokewa na Nyamizi, mtunza makumbusho, msichana wa Nzega mwenye nywele fupi na mikono iliyojaa vumbi jeupe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Leo umependeza. Unaoa?"

"Nikioa nitakuoa wewe. Ila nasikia hujui kupika michembe ya viazi, kwa hiyo nimeghairi."

Nyamizi akacheka, akamshika mkono, wakaingia. Nkwabi alitembea taratibu, akisoma kila kibao mpaka mwisho, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake. Aliziona projekta mbili za makaa, ndefu na nyeusi, zilizohitaji mtu wa kuchochea moto wake ili mwanga usife. Aliiona baiskeli iliyobeba bobini za mkanda wa picha kati ya sinema mbili za mji, maana mkanda ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi: huku wakiona sehemu ya pili, kule wanaanza ya kwanza, na mpanda baiskeli akipata pancha, mji mzima unapiga miluzi. Aliyaona mabango yaliyochorwa kwa mkono, waigizaji wakiwa na macho makubwa kuliko ya binadamu.

Mwisho wakafika kwenye ukumbi wenyewe. Kreti la soda lilikuwa pale pale. Ukutani, kwa herufi za shaba, paliandikwa: CHUMBA CHA MAGANGA MFASIRI. ALIJUA KIHINDI BILA KUFIKA INDIA.

Maneno hayo Nkwabi mwenyewe ndiye aliyewapa watu wa makumbusho. Alisimama akayatazama.

"Mimi nami nilikisoma, unajua," alisema. "Kihindi. Miaka minne, jioni, kwa mwalimu mmoja fundi cherehani pale Kanyenye. Nilitaka nijue alichokijua baba."

"Umeniambia, babu. Mara nne."

"Basi hii ya tano. Haya, nionyeshe hiyo mashine yako."

Mashine iliitwa Msikizi. Ilisimama mbele ya kitambaa cha zamani cha sinema, turubai pana kama ukuta wa nyumba, nayo ilikuwa na mkono mwembamba kama mguu wa mende, wenye ncha ya mwanga wa bluu. Nkwabi akaizunguka, mikono nyuma.

"Nieleze kama unavyomweleza mtu aliyesoma," alisema.

Nyamizi alimweleza. Kila sauti hutikisa kitu kilicho mbele yake. Ukisema mbele ya turubai, turubai linatetemeka, ila mtetemo hupita na kupotea. Lakini turubai likiwa limepakwa rangi ambayo bado haijakakamaa, chembe za rangi hujipanga upya kwa kila mtetemo, kama unga unavyojipanga kwenye ungo unaochekechwa. Rangi ikikakamaa, chembe zinabaki zilipo. Msikizi huzisoma moja moja na kuirudisha sauti.

"Rangi za dukani hukauka kwa siku moja," alisema Nyamizi, "kwa hiyo nyingi hazina kitu. Turubai hili lina matabaka kumi na saba. Kumi na sita ni bubu. Lakini tabaka la kumi na moja, babu, lilipakwa mwaka ambao rangi haikupatikana. Mtu alichanganya chokaa na gundi ya mifupa ya ng'ombe. Gundi ile huchukua siku arobaini kukakamaa. Zilizobaki ni sauti za Jumamosi moja, ile ya siku ilipokakamaa."

"Ni baba," alisema Nkwabi, na kifua kikamjaa. "Baba ndiye aliyepaka. Namkumbuka. Nyumba nzima ilinuka mifupa, mama akamtolea sufuria nje."

"Basi alijirekodi mwenyewe bila kujua." Nyamizi akasita. "Kuna jambo moja. Tabaka likishasomwa linadondoka kama unga. Kwa hiyo tulichokisoma kiko mahali pamoja tu, ndani ya Msikizi. Hakuna kingine. Mimi mwenyewe nimesikiliza dakika za mwanzo tu, kuhakikisha ni yeye. Sheria inataka mrithi asikie kwanza."

"Ni sheria nzuri."

Alikaa kwenye kiti cha mbao cha safu ya mbele, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Washa," alisema.

*

Kwanza zilikuja karanga. Zilisikika zikivunjwa, mamia kwa mamia, kila upande. Kisha mtoto akalia, mama akamnyamazisha. Kisha kicheko cha wanawake, maana Jumamosi alasiri ilikuwa siku yao. Sauti zilitoka mahali pale pale zilipotokea zamani, na Nkwabi akageuka kutazama viti nyuma yake. Vilikuwa vitupu.

Kisha bomba la bati likagongwa mara tatu, na mtu akasema, karibu kabisa, upande wa kushoto, pale kwenye kreti:

"Mama zangu! Mmekula? Ambaye hajala asicheke sana, utumbo utakatika!"

Nkwabi akafunga macho. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, tena ya kijana. Baba yake alikuwa kijana! Alikuwa na miaka thelathini na minne tu, mdogo kuliko wajukuu zake. Machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Sinema ikaanza. Mwigizaji akasema kwa Kihindi, na Nkwabi, aliyekaa miaka minne kwa fundi cherehani wa Kanyenye, akamwelewa vizuri: Mama, mvua imechelewa. Nikimuuza ng'ombe, tutalima na nini?

Na Maganga Mfasiri akasema: "Mama, binti wa yule jirani mnene simtaki! Akikalia kitanda, chaga zinalia kama treni ya Mpanda!"

Ukumbi ukapasuka. Nkwabi naye akacheka. Halafu kicheko kikamkwama.

Mama wa kwenye sinema akajibu kwa Kihindi: Mungu atatoa, mwanangu.

"Mama anasema, basi oa mwembamba," alisema Maganga. "Ila ujue wembamba wanakula kama mgambo wa Isevya!"

Nkwabi akafungua macho. Akasikiliza maneno matano, kumi, ishirini. Hakuna hata moja lililolingana. Baba yake hakujua Kihindi. Hakujua hata neno la maji. Alikuwa anatazama midomo inavyocheza na kubuni, akichukua umbea wa mji na kuuweka vinywani mwa Wahindi, na watu walikuwa wanakufa kwa furaha.

"Babu?" alinong'ona Nyamizi.

"Nyamaza," alisema Nkwabi. Alizitazama herufi za shaba ukutani. Masikio yalimwaka moto. Miaka minne ya jioni! Ukoo mzima ulisimama juu ya elimu ile, na elimu yenyewe haikuwepo.

Na bado angeweza kulimeza hilo. Alikuwa anajiandaa kulimeza, hata kulichekea, pale tajiri wa kwenye sinema alipofunga sanduku lake na kucheka, na Maganga akasema:

"Huyu anasema, mnatafuta sukari dukani? Sukari haiko dukani! Sukari imelala, magunia mawili, chini ya kitanda cha Bi Mwavita wa Ng'ambo, imejifunika mkeka!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kutoka safu za katikati mwanamke mmoja akapiga kelele huku akicheka kwa kwikwi: "Maganga! We Maganga! Nitakuja kukuchapa na mwiko!"

Huyo alikuwa Bi Mwavita mwenyewe. Nkwabi alimtambua, akaishika kofia kwa mikono miwili.

Kwa maana watu wote wa rika lake walijua yaliyompata Bi Mwavita. Ilikuwa miaka ile ya uhaba, sukari na sabuni zikiwa zimeadimika, na aliyeficha chakula aliitwa mhujumu. Jumapili moja alfajiri nyumba yake ilizingirwa, magunia yakatolewa chini ya kitanda. Mumewe, Sizya Kasanda, akapelekwa gerezani, akafia huko mwaka wa pili. Binti yao Kalunde akaacha shule darasa la tatu. Na ukoo ukaamua kwamba aliyemuuza Sizya ni mdogo wake, Mhoja, kwa kuwa ndugu hao walikuwa wamegombana wiki ile. Mhoja aliapa kwa kila kiapo. Hawakumsikiliza. Alifukuzwa, akafia Mpanda, na mpaka leo uzao wake hauitwi kwenye msiba wala harusi ya ukoo.

Sinema ikaisha. Viti vikabamizwa, nyayo zikatoka, mtoto akalia tena na kupotea mbali. Nkwabi alidhani yamekwisha. Kisha zikaja nyayo za viatu vizito, zikasimama mbele ya kitambaa.

"Mfasiri. Shuka kwenye hilo kreti."

"Karibu, afande."

"Mimi nimefanya kazi na Wahindi miaka sita. Kihindi nakisikia. Yule tajiri hakutaja sukari. Hakuna hata neno moja ulilosema lililotoka kwenye sinema."

Kreti likalia, Maganga akishuka.

"Wewe ni mwongo unayechekesha wanawake. Jumatatu namwambia mwenye jumba akutoe, na mji wote nitauambia. Maganga Mfasiri hajui Kihindi!"

"Mimi si mwongo, afande."

"Umebuni."

"Sibuni. Kila neno linalotoka kwenye bomba hili ni la kweli."

"Hata lile la sukari?"

Mahali fulani juu, bati la paa lililegea na kugonga, kama saa. Nkwabi aliinuka nusu kwenye kiti, mkono mbele, kama mtu anayetaka kumzuia mwingine asivuke reli.

"Hata la sukari," ilisema sauti ya baba yake, imenyooka, imejaa fahari. "Jana mwanangu Nkwabi alitumwa pale kurudisha chungu. Ameyaona kwa macho yake. Magunia mawili. Muulize ukitaka, mwanangu hasemi uongo."

"Chini ya kitanda?"

"Chini ya kitanda."

"Haya. Basi kumbe wewe ni mfasiri wa kweli."

Viatu vikaondoka. Vilikuwa karibu na mlango pale sauti iliposikika tena, ndogo, haina bomba wala fahari: "Afande! Afande, subiri, ule ulikuwa ut—"

Mlango ukafungwa. Msikizi ikazimika.

*

Nyamizi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, na chokaa imemwachia alama nyeupe mashavuni.

Nkwabi aliikumbuka chai. Hilo ndilo lililomjia: kikombe cha bati chenye ua jekundu, na Bi Mwavita akimwambia, "Kunywa, mume wangu mdogo, leo nimekuwekea sukari ya kweli." Alikunywa mpaka akalamba kitako cha kikombe, akayaona na magunia mawili chini ya kitanda. Mji mzima ulikuwa haujaonja sukari kwa miezi miwili. Alikuwa na miaka tisa. Alikimbia njia yote mpaka nyumbani, utamu bado uko mdomoni, ili akamwambie baba. Kikombe kile hakukisahau miaka sabini na minne. Ila hakuwahi kujiuliza maneno yake yalikwenda wapi.

Na alikumbuka kwamba baba aliacha ufasiri mwezi uleule. Mama alisema koo linamuuma. Baba hakuwahi tena kusimama mbele ya watu, hata kwenye harusi. Alipokuwa anakufa, Nkwabi akiwa na miaka kumi na mitano, alimshika mkono akasema, "Usiseme usilolijua, mwanangu. Soma." Kwa ajili ya maneno hayo Nkwabi alikwenda madarasa ya jioni maisha yake yote. Alidhani ni wosia wa elimu.

"Babu," alisema Nyamizi, "kesho saa nne wanakuja watu mia tatu. Hiki ndicho kilichopangwa kusikika." Akafungua droo, akatoa karatasi na bahasha ya kaki. Ilikuwa karatasi kweli, kwa kuwa Sheria ya Sauti za Marehemu haikuamini vidole vya kwenye kioo. "Hii ni fomu ya kufunga. Mrithi akitia saini, na ikifika kwetu kabla ya saa kumi na mbili jioni, sauti inafutwa. Hakuna wa kukuuliza kwa nini. Mimi nimekula kiapo, sitasema."

"Inafutwa yote? Siwezi kukata mwisho tu?"

"Yote au usifute. Walisema sauti ya marehemu haikatwi vipande, mtu asije akamfanya aseme alichotaka yeye."

"Ni sheria nzuri," alisema Nkwabi kwa mazoea, na safari hii neno lilimkereketa kama jivu.

Mlango wa mbele ukagongwa kwa fimbo, na mtu akaita: "Hodi! Wenye sinema! Au mpaka nikate tiketi?"

Nkwabi aliijua sauti hiyo, akatamani ardhi imfiche. Alikuwa Kalunde, binti Sizya, miaka themanini na moja, amejifunga kanga mbili na karanga za kukaanga zimefundikwa kwenye ncha ya moja.

"Nkwabi! Bado unatembea kama korongo aliyekanyaga moto?"

"Na wewe bado unanuka vitunguu," alijibu, maana utani wao ulikuwa na umri wa kujijibu wenyewe.

"Koti lile lile! Hilo litakuzika wewe, halafu litarithiwa." Akakaa kwenye kiti cha katikati, akafungua fundo la karanga. "Nimeshindwa kungoja kesho. Nikasema nije nimsikie Maganga kabla ya hao wakubwa wenye suti. Amesikika?"

Nkwabi akamtazama Nyamizi. Nyamizi akatazama sakafu.

"Mashine bado inapashwa," alisema Nkwabi.

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka mingi, na ulitoka laini kama mafuta. Ndipo alipoona jinsi jambo hilo linavyokuwa rahisi.

"Basi nitakula karanga," alisema Kalunde. "Unajua ninachokitaka mimi? Si Maganga, usijione. Mama alikuwa akikaa hapa hapa. Kila Jumamosi alirudi nyumbani anacheka peke yake jikoni. Halafu likaja lile balaa, hakucheka tena mpaka tunamzika. Mimi hata sikikumbuki kicheko chake, Nkwabi. Nimekisahau. Nikasema labda rangi imekishika."

Nkwabi akaigeuza kofia yake mikononi.

"Mbona umekuwa kama umemeza kijiko? Haya nikuchekeshe. Jana kaja kijana kwangu na kadi ya harusi. Mjukuu wa Mhoja! Kaileta kwa mkono wake, kutoka Mpanda, amevaa vizuri, ana adabu. 'Bibi, nataka ndoa yangu iwe na ndugu.' Nikamrudishia kadi yake mlangoni. Maji sikumpa." Akavunja karanga. "Ana macho ya baba yangu, yule mtoto. Ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Damu ya msaliti kuvaa macho ya baba yangu!"

"Hata maji?" aliuliza Nkwabi taratibu.

"Hata maji. Na jua lilikuwa kali."

Nkwabi akavaa kofia. Akachukua fomu na bahasha, akavitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Akamwambia Kalunde kwamba magoti yanamsumbua. Kalunde akamrushia ganda la karanga mgongoni.

*

Nyumbani Isevya alikaa mezani, akaiweka fomu mbele yake, akafungua kalamu. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo. Jua lilipita dirishani likaangukia mstari ulioandikwa: Saini ya mrithi.

Alijitetea kwanza, kama mtu yeyote. Alikuwa mtoto wa miaka tisa; mtoto anasema alichokiona. Baba naye hakukusudia. Ulikuwa utani, na Bi Mwavita mwenyewe aliucheka. Baba alipoambiwa "umebuni" angekubali tu, yangeishia pale. Lakini angekubali vipi? Mtu asiye na shamba wala cheo, mwenye kitu kimoja tu duniani, watu kuamini kwamba anajua. Nkwabi alimwelewa mno. Yeye mwenyewe angejibu vivyo hivyo, kwa sauti ileile iliyonyooka. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Na marehemu hawezi kujitetea. Kesho watu mia tatu watamsikia akisema "chini ya kitanda", na wengi hawatasubiri kuisikia ile sauti ndogo ya mwisho, karibu na mlango. Watasema Maganga Mfasiri alikuwa kibaraka. Shaba itang'olewa ukutani. Mtoto gani mwema humpeleka baba yake kwenye aibu, miaka sitini na kitu baada ya kumzika?

Akashika kalamu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake kwenye mstari wa saini.

Akasimama hapo. Alisikia, bila mashine yoyote, mwanamke akicheka kwa kwikwi safu ya katikati. Nitakuja kukuchapa na mwiko. Kicheko cha mwisho cha Bi Mwavita kilikuwa ndani ya tabaka lile lile, dakika chache kabla ya viatu vizito. Akifunga sauti ya baba yake, anakifunga nacho. Atakuwa amewanyang'anya watu wale wale mara ya pili, na safari hii hana miaka tisa.

Na kuna kijana wa Mpanda aliyeondoka mlangoni kwa Kalunde na kiu.

Akakata ile herufi moja kwa mstari ulionyooka. Nyumbani mle karatasi nyingine zilikuwepo, rimu nzima, maana Nkwabi hakuwahi kukosa karatasi. Hakuzigusa. Aliigeuza fomu, na upande wa nyuma, uliokuwa mtupu, akaandika kwa mwandiko aliofundishwa jioni, kila herufi imekaa peke yake:

"Kwa Bi Kalunde Sizya Kasanda, Ng'ambo.

Mtani wangu, leo nilikudanganya. Mashine ilikuwa imeshapashwa, na sauti zote nimezisikia. Kicheko cha mama yako kimo. Ni kirefu, na mwisho kina kwikwi. Kesho utakisikia.

Baada ya kicheko hicho utasikia jambo jingine, nami nataka ulijue ukiwa kwako, umekaa, kabla ya kulisikia mbele za watu. Baba yako mdogo Mhoja hakusema. Aliapa kweli. Aliyesema ni baba yangu, kwa kuona haya kuitwa mwongo. Na aliyempa baba yangu maneno ni mimi. Mama yako alinipa chai ya sukari, nikaenda kuitangaza. Baba hakujua Kihindi. Mimi ndiye niliyewaambia makumbusho kwamba alikijua, nikiamini najua.

Siombi unisamehe kwa barua, maana hilo haliombwi kwa barua. Kesho ukitaka nisiwepo, sitakuwepo. Ukitaka nisimame juu ya kreti niwaambie watu wote kwa kinywa changu, nitasimama, magoti haya haya.

Kijana wa Mpanda hatakuwa amefika mbali. Mpe maji.

Nkwabi Maganga."

Aliisoma tena, akasahihisha nukta moja. Akaikunja mara tatu, akaitia katika ile bahasha ya kaki, akakata anwani ya makumbusho na juu yake akaandika ya Kalunde. Ulimi ulikuwa mkavu kiasi kwamba gundi ilikataa kushika. Akanywa maji, akailamba upya, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika.

Nje, kwenye nguzo ya kona, kilining'inia kile chombo kidogo cha posta kinachoruka, ambacho watu wa Tabora wanakiita tarishi. Kilishuka alipoinua mkono, kikafungua vidole vyake vya waya. Kila mtu mjini anajua kanuni yake: tarishi akishapaa haitwi arudi, hata na aliyemtuma.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika nne. Mzee Nkwabi aliishikilia bahasha kwa muda, vidole vyake huku na vidole vya waya kule, wote wawili wakivuta kidogo.

"Ng'ambo," alisema kwa sauti iliyonyooka. "Kwa Bi Kalunde. Umpe mkononi."

Akaachia.